Kisanduku cha Mmiliki

Kuna swali ambalo programu za kompyuta huliuliza kwa wepesi, kama karani anayeuliza tarehe yako ya kuzaliwa: mmiliki ni nani? Ni kisanduku kimoja tu. Unaandika jina, unabonyeza hifadhi, unaendelea na kazi. Kwa miaka kadhaa nimevijaza visanduku hivyo kama mtu anayegonga mihuri. Mwaka jana nilifika kwenye kimoja nikakaa nacho wiki tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Shirika moja linalohudumia wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mikoa ya Shinyanga na Geita lilitaka kanzidata yake iunganishwe na katalogi ya taarifa. Ukimwambia mtu hivyo kwenye daladala ya Kahama atakuangalia kwa huruma na kubadilisha mada. Lakini naomba uvumilivu kidogo na ufundi wenyewe, maana swali la maadili limejificha humo humo ndani, halikuja kutoka nje.

Kanzidata ya mahusiano ni majedwali yanayoshikana. Jedwali la wachimbaji lina mstari mmoja kwa kila mtu. Jedwali la maduara lina mstari mmoja kwa kila duara, yaani kila shimo. Lipo la leseni, lipo la vipimo vya kifua. Kila mstari una namba yake, na namba hiyo ikitajwa katika jedwali jingine, mistari miwili imefungwa pamoja: mtu huyu alipimwa siku hii, anachimba duara lile, duara lile limo ndani ya leseni ile. Wazo hili ni la Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko California, aliyelitoa katika makala ya mwaka 1970. Mwaka 1985 Codd alitoa kanuni za kupimia kama kanzidata kweli ni ya mahusiano. Kanuni ya nne inanivutia kuliko zote: maelezo ya kanzidata nayo yawekwe ndani ya majedwali, yaulizwe kwa lugha ile ile inayoulizia taarifa nyingine. Kanzidata, kwa hiyo, inajieleza. Ukijua pa kuuliza itakwambia ina majedwali mangapi, kila safu inaitwaje, nani amefungwa na nani.

Katalogi inaishi juu ya kanuni hiyo. Programu kama OpenMetadata au DataHub unazipa anwani ya seva, namba ya mlango (5432 kwa PostgreSQL, namba ninayoikumbuka kuliko simu ya kaka yangu), jina la mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu, na nywila. Programu inaingia, inasoma yale maelezo, inatoka. Haina haja ya kubeba mistari yenyewe. Ni kama kabati la kadi katika maktaba za zamani: kadi inakwambia kitabu kipo na kiko rafu gani, lakini kadi si kitabu. Ukitaka zaidi, unairuhusu ichukue sampuli ya mistari michache na kupiga hesabu: thamani ndogo kabisa, kubwa kabisa, inayojirudia zaidi. Mwisho kila jedwali linapata ukurasa wake wenye jina, maelezo, lebo, nasaba inayoonyesha taarifa ilitoka wapi na inakwenda wapi, na kile kisanduku.

Mimi si miongoni mwa wanaoona kila mfumo wa kompyuta ni jicho la kupeleleza wanyonge. Shirika lile lilikuwa na miradi mitatu, kila mmoja na orodha yake. Mmoja ulifundisha madhara ya zebaki, mwingine uligawa barakoa na kuhimiza kumwagia mwamba maji kabla ya kuponda, wa tatu ulipima vifua. Hakuna aliyejua mwenzake ana nini. Mtu wa Nyarugusu angeweza kutoa makohozi mara mbili kwa watu wa shirika lile lile, huku jirani yake hajapimwa hata mara moja. Mwamba unaobeba dhahabu huku kwetu umejaa kwatzi. Ukiupasua ukiwa mkavu, vumbi la silika linaingia mapafuni na halitoki. Kovu linalobaki halina dawa, na mapafu yenye kovu hilo ni shamba zuri la kifua kikuu. Kikuu chenyewe kinatibika kikijulikana mapema. Kwa hiyo kutojua taarifa iko wapi si usafi wa moyo. Kunaua watu polepole, bila mtu wa kulaumiwa.

Hiyo ndiyo hoja ya upande wa katalogi, na ni nzito. Sasa hoja ya upande wa pili.

Tunasema katalogi inachukua majina ya vitu, haichukui vitu. Lakini jina nalo ni taarifa. Safu ikiitwa “matokeo_kikuu” na jedwali lake limefungwa na jedwali la leseni, mtu yeyote wa ofisini aliyeufungua ukurasa huo ameshajua kwamba mahali fulani ipo orodha ya nani anaumwa kwenye leseni ya nani. Ukiruhusu zile hesabu, mambo yanaharakisha. Duara moja lina watu wanane au kumi. Programu ikiandika kwamba jibu linalojirudia zaidi kwa duara fulani ni “chanya”, haijataja jina la mtu, ila kila anayelijua duara lile ameshahesabu vichwa. Mwenye leseni anayeogopa maneno ya wakaguzi anaweza kuwaondoa wanaokohoa kabla ya Jumatatu. Wataenda duara jingine na kikohozi chao, bila dawa, wakiwa wamejifunza kutopimwa tena.

Kanda hii inajua vizuri nini hutokea maelezo ya kitu yanapochukua nafasi ya kitu. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Makinikia yale yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi miwili ya Kahama. Nyaraka zilisema ndani mna kiasi hiki cha dhahabu. Mei mwaka huo kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema mna kiasi kikubwa zaidi mara nyingi. Kampuni ya Acacia ikakataa. Nchi nzima ikabishana juu ya mchanga ambao karibu hakuna kati yetu aliyeuona. Tulichokuwa nacho ni maelezo, na kila upande ulikuwa na yake. Mgogoro uliisha Januari 2020 kwa mkataba na Barrick uliozaa kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16. Sina nia ya kulifufua bishano lile. Ninachokumbuka ni swali ambalo watu wa kawaida walikuwa wakiliuliza vijiweni, na ambalo lilikuwa la kifalsafa kuliko walivyojua: aliyeandika karatasi ya kontena alikuwa anamwandikia nani?

Narudi kwenye kisanduku. Niliuliza ofisini nijaze nani. Mkuu wa TEHAMA alisema andika idara yetu, seva ni yetu. Meneja wa mradi alisema mfadhili, maana mkataba unasema hivyo. Mhasibu, ambaye hakuulizwa, alisema tuandike Mkurugenzi ili asitusumbue. Wote walijibu swali moja: nani ana mamlaka juu ya kitu hiki? Na mimi nilikuwa nimetoka Geita siku chache kabla, mahali ambapo neno hilo linatumika kwa namna nyingine kabisa.

Nenda kwenye machimbo madogo yoyote uulize “mwenye” ni nani, utapata watu wanne au watano, na hakuna anayedanganya. Sheria inasema madini ni mali ya Jamhuri, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Yuko mwenye leseni, ambaye karatasi yake ya uchimbaji mdogo inadumu miaka saba. Yuko mwenye shamba, aliyekuwa akilima mihogo pale kabla ya rashi. Yuko mwenye duara, aliyetoa mtaji. Yuko mwenye karasha. Wachimbaji wenyewe wana mgao wao, mara nyingi mifuko ya mawe, wanayoondoka nayo wakiwa hawajui kama wamebeba dhahabu au mawe tu. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema “yote ni yangu”. Akisema watamcheka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba kule “mwenye” ni mzigo kabla ya kuwa cheo. Mwenye duara ndiye ananunua matimba ya kuzuia kuta, analisha watu wake miezi ambayo hakijatoka kitu. Na duara likititia, swali la kwanza mdomoni mwa kila mtu ni “duara la nani?” Hawaulizi ili wampongeze. Wanamtafuta mtu wa kusimama mbele ya familia. Novemba 2015 wachimbaji watano waliopolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Dunia ilishangaa kwamba walikula mende na mizizi. Mimi kila nikiikumbuka habari ile nawaza walio juu: katika siku 41, nani alikuwa na wajibu wa kujua majina ya walio chini, na kuendelea kuyataja?

Nikiulizwa kwa lugha ya machimbo, basi, mmiliki wa jedwali la vipimo vya kifua si mwenye seva wala mwenye fedha. Ni yule atakayesimama mbele ya familia jedwali likititia.

Hapo rafiki yangu mmoja, mtu wa takwimu, mkali kama pilipili, alinipinga. Kwa nini usiende mwisho, alisema. Taarifa ni ya mchimbaji mwenyewe, mwili ni wake, kifua ni chake. Mwandike yeye. Ni hoja inayovutia, na kwa muda niliipenda. Shida ni kwamba mali mtu anaweza kuiuza. Tukisema kipimo cha kifua ni mali ya mchimbaji kama mfuko wake wa mawe, tutapata siku moja mnunuzi atakayekuja na noti mkononi mwezi wa njaa, na biashara itakuwa halali. Tena kipimo kile hakimhusu yeye peke yake. Kinawahusu wanaolala naye chumba kimoja, na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya anayetakiwa kuwafuata. Kuna vitu ni vyako bila kuwa mali yako. Jina lako ni mojawapo. Ni lako, lakini wanaolitumia zaidi ni wengine, na unachodai si malipo kila likitajwa. Unadai lisitajwe vibaya, na likitajwa vibaya upate nafasi ya kusema.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakaribia jambo hili kwa njia ya maneno yake. Ina mkusanyaji, ina mchakataji, na ina mhusika wa taarifa. Mhusika! Sisi tuliosoma fasihi sekondari tunalijua neno hilo kwa maana nyingine: mhusika mkuu, wahusika wadogo, mhusika bapa. Sijui kama waandishi wa sheria waliliwaza hilo, ila wamesema kweli kuliko walivyokusudia. Mtu aliye ndani ya kanzidata yuko kama mhusika ndani ya riwaya. Anasemwa, anapewa tabia, anapelekwa huku na huku na mwandishi asiyemjua, na wasomaji wanamhukumu. Tofauti ni kwamba mhusika wa riwaya hana haja ya kuisoma. Huyu wetu anayo, na sheria imempa haki ya kuiona taarifa yake na kudai irekebishwe ikiwa si sahihi.

Sasa angalia katalogi inapoingia. Haki ile, kama wengi tunavyoielewa, inahusu mstari wangu: jina langu limekosewa, umri wangu si huo. Katalogi haigusi mstari wa mtu. Inaeleza safu. Na maelezo ya safu ndiyo yanayoamua kila mstari usomwe vipi. Katika jedwali la wachimbaji kulikuwa na safu “aina”, yenye 1 na 2. Maelezo niliyokabidhiwa niyanakili yalisema: 1, mchimbaji rasmi; 2, mchimbaji haramu. Nilifuatilia fomu za usajili. Aliyepewa 2 ni yeyote ambaye siku ile hakuwa na karatasi mkononi. Wengi wao wanachimba ndani ya leseni ya mtu kwa makubaliano ya mdomo, mbele ya mashahidi, na kila kijiji kinajua. Mstari wa kila mmoja ni sahihi: 2 ni 2. Neno “haramu” ndilo si sahihi, na halimo katika mstari wa mtu yeyote, kwa hiyo hakuna mtu ambaye angeweza kulilalamikia. Limekaa juu yao wote kama paa.

Kwa hiyo niliomba ruhusa ya kufanya kitu ambacho hakimo katika mwongozo wa programu yoyote. Nilichapa kurasa nne za katalogi, maelezo tupu bila mstari wa mtu hata mmoja, nikaenda nazo machimboni na ofisa tabibu wa mradi.

“Mwadila, baba,” nilimwamkia mwenye duara mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu.

“Mwadila, mwanangu. Leo umekuja na karatasi. Ukija na karatasi huwa tunasainishwa.”

Nikamwambia leo hakuna kusaini, leo nasoma wao wasikilize, na pakiwa na uongo waseme. Alicheka, akaita watu. Walikaa kama ishirini chini ya turubai. Neno “haramu” lilidumu kama dakika moja tu. Wakapendekeza “mchimbaji wa makubaliano”, wakabishana kama dakika kumi juu ya wale wanaovamia usiku, ambao wao wenyewe hawataki waitwe hivyo, tukakubaliana kwamba hao wawe 3. Ya vipimo yaliwachukua muda zaidi. Walitaka mratibu wa wilaya aione orodha. Hawakutaka mwenye leseni aione. Kijana mmoja akauliza kama daktari na mwenye leseni wakiwa ndugu itakuwaje, na hilo sikuwa na jibu lake. Teknolojia yetu haina ruhusa ya kuzuia undugu.

Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, mmoja wa wanaoponda na kuchekecha mawe kule kwenye makarasha, akauliza, “Samahani mwanangu, sisi tuko ukurasa gani?”

Nilipekua kurasa zote nne. Katika jedwali la wachimbaji wanawake wa karasha waliwekwa katika “wengineo”. Katika jedwali la vipimo hawakuwemo kabisa, na sababu yake ilikuwa wazi ukiitazama ramani ya mahusiano: kila kipimo kilitakiwa kiwe na namba ya duara, safu ile haikuruhusiwa kuwa tupu. Mama yule hana duara. Anafanya kazi ndani ya vumbi jeupe kuanzia asubuhi, huenda kuliko anayeshuka chini, lakini yeyote aliyeliunda jedwali lile aliwaza kwamba kifua ni cha mtu wa shimoni. Karani akijaribu kumwingiza, mfumo ulikataa. Nilimweleza hivyo kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza.

“Kwa hiyo mashine inasema sikohoi,” alisema.

Wale wa turubai walicheka. Yeye hakucheka.

Tulifanya yafuatayo. Programu ya katalogi inaingia kwa mtumiaji asiye na ruhusa ya kusoma mistari ya vipimo, kwa hiyo sampuli na hesabu haziwezekani hata mtu akiziwasha. Ukurasa wa jedwali upo, maana kuficha kwamba vipimo vipo kungeturudisha kule kwa miradi mitatu isiyojuana. Katika maelezo imeandikwa nani anaruhusiwa kuomba na anamwomba nani. Safu ya duara sasa inaweza kuwa tupu, na kuna safu mpya ya mahali pa kazi: duara, karasha, mwalo. Kwenye maelezo niliongeza sentensi moja ambayo meneja alitaka niiondoe, tukavutana, ikabaki: “Vipimo vya miaka ya mwanzo havina wanawake wa karasha. Hawakukosa kuumwa, hawakuwa na mahali pa kuandikwa.”

Kisanduku cha mmiliki kinakubali mtu mwenye akaunti tu. Mwenye duara hana akaunti, wala mama wa karasha, na mfumo hauwezi kuandika jina lisilo na baruapepe ya ofisi. Humo lipo jina la ofisa tabibu, aliyekubali baada ya kuniuliza mara mbili maana yake ni nini. Nilimjibu kwa lugha ya kule: jedwali hili likititia, watauliza la nani, nao watatajiwa wewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba apewe nakala za zile kurasa nne, kwa sababu Alhamisi iliyofuata alikuwa anakwenda kupima kwenye makarasha.